Edward Lear: mchoraji wa milima aliyejulikana kwa vikaragosi

Treni ilikuwa inatoka London kwenda Guildford. Ndani ya behewa walikuwemo Edward Lear na mzee mmoja asiyemfahamu, kisha wakaingia akina mama wawili na wavulana wawili wadogo. Watoto walikuwa ndio kwanza wamepewa A Book of Nonsense, kitabu cha Lear cha mashairi ya mzaha na vikaragosi, na kila ukurasa waliofunua ulikuwa kicheko. Yule mzee akaona awafumbue macho wenzake. Kitabu hicho, akasema, kimetungwa na Earl wa Derby, kabaila mkubwa anayejificha nyuma ya jina la uongo. Derby jina lake la kwanza ni Edward, na herufi za Lear ukizipangua unapata Earl. Kwa hiyo Edward Lear ni mtu asiyekuwepo.

Lear akavua kofia yake, akawaonyesha jina lililoandikwa ndani kwa herufi kubwa. Akatoa na kikasha chake cha kadi, akaonyesha na mwavuli. Vyote vilikuwa na jina lilelile.

Kisa hiki alikisimulia mwenyewe baadaye, na watu hukirudia kwa sababu kinachekesha. Lakini mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameshikwa na jambo ambalo hadi leo linawatatiza wasomaji wa maisha ya Lear: mtu mzima mwenye kazi yake ya heshima anafikaje kuchora vizee wenye pua ndefu kama matawi, ndege wakiwa wametua juu yake? Maana ukimuuliza Lear kazi yake, asingekujibu kwamba anachora vitabu vya watoto. Angesema yeye ni mchoraji wa mandhari. Hata juu ya jalada la kitabu chake cha safari za Ugiriki na Albania, kilichotoka 1851, alijitaja kwa kazi hiyohiyo.

Maelezo ya kawaida ni kwamba palikuwa na Lear wawili: mmoja wa kazi, mmoja wa mzaha, mmoja wa kulipa kodi ya nyumba, mwingine wa kuchekesha watoto baada ya chakula cha jioni. Ni maelezo rahisi, na nadhani yamekata mahali pasipostahili. Mkato ulikuwepo kweli, lakini haukupita kati ya milima na vikaragosi. Ili kuuona inabidi tuanzie kwa kasuku.

Lear alizaliwa London mwaka 1812, mtoto wa 20 kati ya 21. Baba yake alikuwa dalali wa hisa aliyeyumba kifedha, na mtoto akalelewa na dada yake mkubwa, Ann, aliyempita kwa miaka 21. Alikuwa na kifafa, akakificha maisha yake yote. Kwenye shajara yake kila shambulio aliliweka alama ya X. Alipofika umri wa miaka kama 15 alianza kujitafutia riziki kwa penseli: michoro midogo ya kuuza madukani, kupaka rangi picha zilizochapwa na feni za mkono za akina mama, hata kuwachorea madaktari viungo vyenye magonjwa. Yaani kabla hajawahi kupaka mlima wowote, alikuwa tayari mchoraji wa vielelezo.

Akiwa na miaka 18 akajiingiza kwenye jambo lililomzidi kimo. Alipata ruhusa ya kuchora kasuku walio hai katika bustani ya wanyama ya London, na kuanzia 1830 hadi 1832 akatoa kwa mafungu picha 42 za kurasa kubwa sana, kwa wateja 175 waliolipia mapema. Alichora mwenyewe juu ya mawe ya kuchapia. Ufundi huo unategemea ukweli kwamba mafuta na maji havipatani: unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa laini, unalilowesha, kisha unapitisha wino, wino unashika penye mchoro na kukataa penye maji. Kila kitu unakichora kinyume, kulia kuwa kushoto. Na jiwe halisamehe. Penseli ikikosea unafuta, chaki ya mafuta ikikosea imekosea. Kwa kuwa mawe yalikuwa ghali, nakala 175 zilipotimia aliyafuta ili aanze mchoro mwingine. Kasuku mmoja wa buluu wa Brazili hadi leo ana jina lake katika sayansi, Anodorhynchus leari.

Mkono uliojifunza hivyo, kutamka jambo kwa mstari mmoja na kutorudi nyuma, tutakutana nao tena.

Kasuku walimfikisha Knowsley, kasri la akina Derby karibu na Liverpool, ambako bwana mwenye nyumba alifuga wanyama wa kila aina na akataka wachorwe. Mchana Lear alichora ndege na kobe. Jioni alipanda juu kwa watoto wa ukoo na kuwatungia mashairi mafupi ya mistari mitano, kila moja na kikaragosi chake. Huo ndio mwanzo wa kitabu, na ndio uliompoteza mzee wa treni: kilitabarukiwa kwa vitukuu wa Earl wa Derby na wajukuu wa ndugu zake.

Kazi ya ndege ikaanza kumwumiza macho. Mapafu nayo hayakuipenda baridi ya kaskazini. Mwaka 1837, kwa msaada wa watu wa Knowsley, akaenda Roma, na huko akaamua kwamba yeye ni mtu wa mandhari. Uamuzi huo una sababu ya kimwili ambayo waandishi wengi huipita haraka: manyoya ya ndege yanadai uyaone kwa karibu, mlima unakuruhusu usimame mbali.

Sasa tazama mwaka 1846. Ndani ya mwaka huo mmoja Lear alitoa kitabu cha safari za Italia chenye picha za milima ya Abruzzi, kikatoka kitabu cha wanyama wa Knowsley, na kikatoka pia A Book of Nonsense, chenye jina bandia la Derry down Derry. Malkia Victoria alikiona kile cha Italia, akakipenda, akamwita Lear amfundishe kuchora; masomo yakafanyika majira hayohayo ya joto. Mwalimu wa malkia wa kuchora mandhari ndiye mtu aliyekuwa, chini ya jina la kubuni, akichekesha watoto kuhusu mzee wa Abruzzi asiyeona vizuri, ambaye akionyeshwa kidole chake cha mguu anauliza kama ni hivyo kweli.

Abruzzi ileile. Hapa ndipo maelezo ya Lear wawili yanapoanza kuvuja. Ukikipekua kitabu cha vikaragosi unakutana na ramani ya mchoraji anayesafiri: mzee wa Corfu, mtu wa Ischia, mtu anayetumbukia katika shimo la volkano ya Etna, mzee wa Nile anayenoa kucha kwa tupa. Jina la mahali linafunga mstari wa kwanza, na mara nyingi linarudi kufunga wa mwisho. Mengi ya majina hayo ni ya mahali alikopita, begi la penseli begani.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua siku nilipoweka picha zake za aina mbili kando kwa kando. Katika mandhari zake watu ni wadogo mno: wachungaji watatu pembeni ya njia, wa ukubwa wa punje za mchele, wamewekwa pale ili ujue jinsi bonde lilivyo pana. Katika vikaragosi mambo yamegeuka. Mtu amejaa ukurasa mzima, mikono imerushwa nyuma kama mbawa, na mahali penyewe pamebaki mstari mmoja wa ardhi na labda kichaka. Mchoraji wa mandhari kaondoa mandhari! Nchi yote imehamia kwenye jina, na picha imeachiwa mtu peke yake.

Suala la pesa ndilo linaloeleza kwa nini kazi moja ilimchosha na nyingine ikasambaa.

Picha ya mandhari kwa rangi za mafuta ilikuwa biashara ya watu wachache na ya kungoja. Lear alisafiri majira ya kuchipua na kiangazi, akarudi na marundo ya michoro, halafu akafunga studio majira ya baridi na kuwaalika matajiri waje waone. Aliyependa bonde fulani aliagiza lipakwe kwa ukubwa fulani. Picha moja ingeweza kuchukua miezi, wakati mwingine mwaka na zaidi. Rangi, turubai, fremu ya dhahabu na kodi ya nyumba vyote vilitoka mfukoni mwake kabla mteja hajalipa hata senti.

Na alijihisi hajakamilika. Mwaka 1850, akiwa na miaka 37, alijiunga na shule ya sanaa ya Royal Academy mjini London, akaketi na vijana waliokuwa nusu ya umri wake kuchora sanamu za plasta. Miaka miwili baadaye akajiweka chini ya William Holman Hunt, mchoraji mdogo kwake kwa miaka 15, akamwita "baba" kwa utani. Hunt alimfundisha kutopaka rangi za mafuta studioni kwa kukisia, bali kutafuta kitu chenyewe na kuketi mbele yake. Kwa picha ya machimbo ya mawe ya Siracusa, kule Sicily, Hunt alimwonyesha kwamba miamba inayofanana na ile, na miti ya tini, ingepatikana kusini mwa Uingereza. Ndivyo Lear alivyoipaka Sicily akiwa Sussex.

Picha iliyobeba matumaini yake makubwa ni ile ya mierezi ya Lebanon. Mierezi yenyewe aliifikia mwaka 1858. Kuipaka aliipaka Uingereza, akihamia kwenye hoteli moja huko Surrey kwa sababu uwanjani palikuwa na mierezi mikubwa ya kutazama. Akaitangaza kwa gini 700. Gini moja ni shilingi 21 za wakati huo, kwa hiyo alikuwa anataka pauni 735. Katika maonyesho makubwa ya London ya 1862 ilitundikwa juu sana, mahali jicho halifiki vizuri, na wahakiki wakaiponda. Ilikaa miaka. Iliponunuliwa mwaka 1867, bei ilikuwa imeshuka hadi karibu gini 200.

Kipindi hichohicho kile kitabu cha mzaha kilikuwa kinapata maisha mapya. Toleo la 1861 lilikuwa na mashairi 112, na kwa mara ya kwanza jina halisi la Lear likawekwa. Wachongaji maarufu wa London, ndugu Dalziel, walikuwa wamehamishia vikaragosi kwenye mbao. Muda mfupi baadaye Lear akauza hakimiliki yote kwa mchapishaji, kwa mkupuo mmoja, pauni 125.

Linganisha mwenyewe: kwa mierezi alitaka karibu mara sita ya kiasi alichokubali kwa kitabu ambacho kingeendelea kuchapwa maisha yake yote na baada yake. Huwa tunasoma hesabu hii na kumwonea huruma, kana kwamba alidhulumiwa. Sidhani. Alithamini vitu hivyo kwa kipimo alichokiamini. Mierezi ilikuwa kazi, kitabu kilikuwa mchezo, na mtu hauzi mchezo wake kwa bei ya kazi. Tofauti ni kwamba picha ya mafuta ukishaiuza mara moja imekwisha, ilhali hakimiliki ni chemchemi. Aliuza chemchemi kwa bei ya ndoo moja.

Lakini kwa nini kikaragosi kilisambaa na mlima ukabaki ukutani kwa tajiri? Sehemu ya jibu ni ucheshi, bila shaka. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mashine.

Mchongaji wa mbao anaondoa yale yatakayokuwa meupe na kuacha mistari mieusi imesimama, kama muhuri. Ubao huo unafungwa pamoja na herufi za madini ya risasi, na vyote vinachapwa kwa mkandamizo mmoja, picha na maneno, maelfu ya nakala, kwenye karatasi ya kawaida. Njia hii inapenda mstari. Vikaragosi vya Lear ni mstari mtupu: muhtasari wa wino, nukta mbili za macho, koti lililotiwa weusi. Ubaoni havipotezi karibu chochote.

Mandhari ni habari nyingine. Mlima wa Lear haukai kwenye mstari tu. Unakaa kwenye ukungu kati ya bonde na bonde, kwenye buluu inayofifia kadiri masafa yanavyoongezeka. Kuchapa kitu kama hicho enzi zile kulidai mawe kadhaa, jiwe moja kwa mchoro na jingine kwa kivuli, na mara nyingi mtu wa kupaka rangi nakala moja moja kwa brashi. Kitabu kikatoka ghali, wateja wakawa haohao wenye makasri.

Lear aliligonga ukuta huu hadi mwisho wa uhai wake. Ndoto yake kubwa ilikuwa kutoa mfululizo wa picha 200 za mandhari kuandamana na mashairi ya rafiki yake Alfred Tennyson, kila picha ikishikana na mstari wa shairi. Alianza kuuwaza miaka ya 1850, akauhangaikia zaidi uzeeni, akajaribu njia moja ya kuchapa baada ya nyingine, na kila moja ikamrudishia matope ya kijivu. Alikufa mradi haujakamilika; mwaka 1889 kikatoka kijitabu chenye sehemu ndogo tu ya picha hizo, nakala 100 zilizotiwa sahihi na Tennyson. Kwa hiyo usiseme Lear alidharau kazi ya kupamba vitabu. Aliitamani. Aina aliyoitamani ndiyo mashine ya wakati wake haikuiweza, na ile aliyoifanya kwa mchezo ikapita mlangoni bila kubishwa.

Kufikia hapo biashara ya mandhari nayo ilikuwa imemgeuza mfanyakazi wa zamu. Kuanzia miaka ya 1860, ili apate pesa ya haraka, alianza kutengeneza rangi za maji kwa makumi kwa wakati mmoja. Aliziita "madhalimu". Alizisimamisha kwa safu, akachukua buluu na kupaka mbingu zote, akarudi mwanzo na rangi nyingine kwa milima yote, akaendelea hivyo hadi safu nzima iwe tayari kwa fremu. Ukiziona leo, nyingine zimechoka. Unaona brashi ya mtu anayewaza bili.

Mkato niliousema mwanzoni uko hapa, katikati ya kazi yake ya mandhari yenyewe.

Maana "madhalimu" na picha kubwa za mafuta vilitokana na kitu kingine, ambacho Lear hakukihesabu kama kazi ya kuuza: michoro ya papo hapo. Alichora maelfu kwa maelfu, kuanzia Albania hadi India, alikozunguka kati ya 1873 na 1875 kwa mwaliko wa mtawala Mwingereza wa nchi hiyo, Lord Northbrook, na kutoka Darjeeling akauchora mlima Kangchenjunga. Utaratibu ulikuwa uleule. Anaketi, mtumishi wake Giorgio Cocali anaandaa vitu, penseli inakimbia. Pembeni anaandika mahali, tarehe na saa, wakati mwingine hadi dakika, kisha anapachika maneno ndani ya mchoro wenyewe: hapa kijani, hapa kivuli, hapa mbuzi. Msimu wa baridi unapofika, chini ya taa, anapitisha wino wa kahawia juu ya penseli na kutia maji ya rangi hapa na pale. Kisha karatasi inaingia kabatini kama akiba ya kumbukumbu.

Akiba hiyo ndiyo wapenzi wa rangi za maji wanayoishangaa leo. Chuo Kikuu cha Harvard peke yake kina maelfu ya michoro yake. Na ukiutazama mstari wake wa wino, jinsi unavyoruka kutoka ukingo wa mwamba hadi mti wa mzeituni bila kuinuliwa, unautambua. Ni mkono wa kwenye jiwe la kasuku, na ni mkono unaochora kizee akikimbizwa na nyuki. Alipochora bila kumwazia mnunuzi, mlima na kikaragosi vilitoka kwenye chemchemi moja. Alipomwazia mnunuzi ndipo mkono ulipoanza kusitasita na kurudia.

Mashairi yake ya baadaye yanathibitisha hilo kwa njia yao. Lile la bundi na paka wanaosafiri baharini kwa mashua alilitunga Cannes mwaka 1867 kwa ajili ya binti mdogo wa rafiki yake. Mengine yaliyofuata yana nyanda za kubuni, vilima vyenye majina ya ajabu na pwani zisizo na mtu jioni. Mandhari aliyoifukuza kwenye vikaragosi ilikuwa imerudi kupitia maneno. Alipofika India alikutana na mtoto aliyefundishwa shuleni shairi la bundi na paka. Mierezi ya Lebanon haikuwa imefika huko.

Makazi yake ya mwisho yalikuwa San Remo, pwani ya Italia, ndani ya nyumba aliyoijenga akifuata nuru nzuri ya studio. Mwishoni mwa miaka ya 1870 ikapandishwa hoteli kubwa mbele yake. Bahari ikazibwa, na ukuta mweupe ukawa unairudisha jua ndani ya studio, kitu ambacho mpaka rangi hawezi kukivumilia. Akauza, akajenga nyingine karibu na maji kwa ramani ileile ya vyumba. Inasemekana alifanya hivyo ili paka wake, Foss, asipotee ndani. Foss alikufa 1887, Lear akamfuata Januari 1888.

Katika michoro yake mingi ya safarini, mahali penye miamba Lear ameandika maelezo ya rangi na umbo kwa haraka, kwa mwandiko wake uliolala. Kwa Kiingereza miamba huandikwa rocks. Yeye, juani, mtumishi akingoja, nuru ikiwa inabadilika na penseli ikiwa haina muda wa kupoteza, aliandika rox.